Mistari Miwili ya Sababu

Fomu ina kurasa nne. Ukurasa wa tatu
pameandikwa: Sababu ya kuomba silaha,
na chini yake mistari miwili,
kana kwamba hofu ya mtu hupimwa kwa rula.

Nikaandika: Mimi Masika, binti Katembo,
nanunua kahawa kutoka Kilembe hadi Bugoye,
natembea na pesa za watu msimu wa mavuno.
Mistari ikaisha.
Sikuandika usiku ule wa Novemba,
mlango uliovunjwa kwa jiwe, Ithungu chini ya kitanda
ameng'ata shuka asilie,
tochi tatu usoni pangu,
na yule wa nyuma, asiyetamka neno,
akikohoa ndani ya kitambaa: mara mbili, kisha moja,
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Kibali huanzia nyumbani, aliniambia Konstebo Oryema.
Kwanza barua ya mwenyekiti wa mtaa
athibitishe kwamba ni raia mwema, hana ugomvi na mtu.
Basi nikaenda kwa Masereka
na kilo mbili za sukari, maana mkono mtupu haulambwi.
Akaisoma barua yangu akiisogeza mbali na macho.
"Bastola, mama Ithungu? Hapa unamwogopa nani?"
"Dunia imeharibika, mwenyekiti."
"Kweli," akasema, akagonga muhuri,
akageukia dirishani,
akakohoa.
Mara mbili.
Kisha moja.

Watu wengi hukohoa. Najua.
Mgodi wa shaba uliwaachia wazee wetu vifua vibovu
na pensheni isiyofika.
Nimelipima jambo hili kama ninavyopima kahawa,
nikitoa uzito wa gunia, nikitoa unyevu,
na kinachobaki kila mara
hakitoshi kumfunga mtu
wala hakitoshi kunipa usingizi.

Faili likapanda: mtaa, kata, wilaya, Kampala.
Likarudi, picha imebanduka. Likapanda tena.
Kila meza iliuliza yale yale:
unalala chumba kipi, pesa unaziweka wapi,
usiku mko wangapi.
Nikajibu, nikatia kidole kwenye wino.
Mwaka ulipogeuka, walikuwapo watu tisa wenye mihuri
wanaojua kitanda changu kinatazama wapi.

Daktari, binti mdogo mwenye kalamu ya kijani,
akaniuliza kama huwa nasikia sauti
ambazo wengine hawazisikii.
Nikakawia kujibu.
"Hapana," nikasema.
Akaandika: akili timamu.

Kwenye uwanja wa shabaha walitundika karatasi
yenye mtu mweusi asiye na uso.
Risasi kumi. Sita zikatua kifuani.
"Mama ana mkono wa fundi cherehani," mwalimu akacheka.
Masikio yalinivuma hadi nyumbani,
na nikiwa njiani nikajikuta naomba
yule wa karatasi awe na mke,
kisha nikaomba asiwe naye.

Jana kibali kimefika.
Kadi ndogo kuliko ile ya ubatizo ya Ithungu,
na pichani nimekodoa macho kama mwizi.
Bastola yenyewe bado. Kuna ada nyingine,
na sanduku la chuma la kufunga ukutani,
na mtu wa kuja kulikagua sanduku.

Leo jioni Masereka amekuja kunipongeza.
Sahihi yake ndiyo ya kwanza, asisahauliwe.
Amechagua kiti cha karibu na mlango,
mlango ule ule, kitasa kipya.
Ameiomba kadi, ameishika kwa vidole viwili,
ameinua kwenye taa, amesoma jina langu kwa sauti
hadi herufi ya mwisho.
Ithungu ameleta chai, macho yako miguuni kwa mgeni,
kisha kwangu,
kisha hakuna mahali.

Mwenyekiti amekohoa.

Nimesubiri.

Nimechukua kikombe chake, nimekiongezea tangawizi.
"Kunywa, mwenyekiti," nimemwambia.
"Inasaidia kifua."