Kikunjo

Ubao wa kwanza aliuandika TAKO, SHILINGI ELFU MBILI,
na soko zima la Mwaloni likaja kucheka, si kula.
Wabeba magunia wakapanga foleni ya utani:
"Dada, unauza la kushoto au la kulia?"
Nkwimba akafuta kwa kiganja chenye unga,
akaandika KIKUNJO.
Bei haikupungua.

Ndivyo wanavyokula barabarani kule Meksiko, aliniambia:
mkate wa mahindi, mwembamba kama sikio,
unakunjwa na chochote moto ulichokubali.
Alijifunza hotelini, Capri Point,
kwa mpishi mgeni aliyeondoka usiku
akamwachia chuma cha kubania unga
badala ya mshahara wa miezi miwili.

Mimi nilikuwa na katoni sita za mvinyo wa Dodoma
chini ya kitanda, Igogo,
na mji mzima unakunywa bia.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
mimi hakuna aliyenisifu, na maji sikutia,
na bado chupa hazikutoka.

Tukaanza kujaribu nyuma ya kibanda, juu ya jiwe
lililokuwa bado na joto la mchana.
Mwekundu na sangara: ugomvi.
Ulimi kama umelamba msumari.
Mwekundu na pilipili mbuzi: petroli juu ya moto.
Bwire, mpakiaji, aliinamia ndoo ya maji
akainuka akisema mvinyo wangu una jini.

Nilikuwa na cheti, kimepigwa mhuri.
Nkwimba ni Msabato, tone halijapita midomoni mwake.
Akakishika kikombe cha plastiki, akanusa
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
"Huu mweupe una embe bichi ndani.
Unataka ndimu, na kitu cha kukwaruza."
Akakaanga dagaa mpaka wakaanza kuvunjika wenyewe,
akawafunika kwa kitunguu na giligilani.
Chupa tulikuwa tumeilaza kwenye barafu ya samaki;
nembo imebanduka, shingo inanuka ziwa.

Nikauma. Nikanywa.
Sikusema kitu. Alikuwa akinitazama koo.
"Enhe," akasema, akageukia moto
kuutafutia ule mwekundu moyo wa ng'ombe,
ulioungua kingo tu.

Wiki ile zilitoka chupa tisa.
Bwire alirudi na ndugu zake wanne
na kikombe chake mwenyewe, cha bati.

Lakini Ijumaa Nkwimba hana mzaha na jua.
Likishuka usawa wa Saanane anamwagia mkaa maji,
anakunja turubai, anakwenda kuianza Sabato yake,
nami nabaki juu ya jiwe na nusu chupa,
mate yamejaa mdomoni,
naelewa sasa lile neno lake la embe bichi
na sina hata kipande cha kuuma.