Dakika ya Arobaini na Moja

Nimeuza pete, nimeuza friji,
nikanunua lenzi ya mkono wa tatu Mtaa wa Aggrey.
Mume akasema: chagua, mimi au hao wazee wako.
Nilikuwa nachaji betri. Sikumsikia vizuri.

Miaka kumi na tisa nafukua.
Bi Siwema wa Keko, aliyetupa redio mpya kisimani
usiku wa msako wa walanguzi;
mpaka leo, anasema, maji yale hayanyweki,
yana taarifa ya habari ya saa mbili ndani yake.
Karani wa Gerezani aliyetafuna orodha ya majina,
kurasa nne, akishushia chai isiyo na sukari.
Filamu ile ilionyeshwa mara moja, ukumbi wa kukodi,
watu kumi na saba, wawili wamelala.
Mmoja akanifuata mlangoni:
Mwanangu, nani kakutuma?

Mficha uchi hazai, nimewaambia wazee wa watu.
Wakavua.

Juzi nilikuwa kwa Mzee Chilewa, Mtoni.
Alikuwa muuza karanga. Kadi ya kazi hana,
wakampakia lorini na kapu lake,
wakamshusha Kilosa asikojua mtu.
Nikamuuliza ninachowauliza wote: unakumbuka nini?
Akafumba macho.
"Dereva. Mkono wa kushoto, kidole cha shahada hakipo.
Alikuwa akigonga usukani, ta, ta, ta, kisha pengo.
Chalinze alisimama akatununulia maji.
Hakututazama."

Kamera iliendelea. Mimi nilisimama.

Baba, kule Temeke, hugonga meza hivyo
akisubiri wali.
Kidole kililiwa na mamba wa Rufiji, alitwambia,
nasi watoto tukacheka,
tukamwomba asimulie tena, na mamba awe mkubwa zaidi.

Usiku umeme umekatika mara mbili.
Jenereta la jirani linakohoa.
Dakika ya arobaini na moja: siku hizi mkasi ni kitufe tu.
Nikibonyeza, lori linajiendesha lenyewe
mpaka Kilosa.

Sikubonyeza. Wala sikulala.

Asubuhi nimebeba stendi hadi kwa baba.
Kanyoa ndevu, kanzu imepigwa pasi.
"Nikae wapi?"
Kiti cha dirishani, nikamwambia.
Nikapima mwanga, nikapima tena,
nikamwomba aweke mikono juu ya meza.

Akanitazama kitambo.
Akaiweka.