Nyumba ya Mizani

Maktaba yetu, hapa Katana, ilikuwa nyumba ya mizani.
Walipimia humu maganda ya kinina,
gunia baada ya gunia, karani akiandika kilo
pungufu ya zile ulizobeba.
Mizani ingalipo. Imeota kutu, haipimi kitu;
watoto hukaa juu yake wakingoja zamu.

Mwaka juzi vitabu vilikuwa mia nne.
Sasa ni mia tatu na kumi na viwili:
mchwa nao ni wasomaji,
ila hawarudishi.

Tuko wanne, hatulipwi.
Nsimire huja na ufunguo shingoni,
tope la shamba bado magotini.
Zihindula hushona migongo ya vitabu
kwa uzi wa nyavu za sambaza.
Ntakwinja anajua tundu lipi la bati huvuja
mvua ikitoka ziwani, na lipi ikitoka mlimani.
Mimi naandika kadi. Wanasema nina mwandiko wa karani,
na hapa kwetu hiyo si sifa.

Ukichelewesha kitabu, faini ni kopo moja la maji
kwa mche wa parachichi uani.
Mche umenawiri. Watu wetu huchelewa sana.

Mama Cibalonza hajui kusoma.
Kila Jumamosi ya pili hushuka mlimani
kuomba kitabu kilekile, cha hesabu, mwaka wa sita.
Hakifungui mbele yetu.
Hukifunga kwa kitenge mgongoni,
pale walipolala watoto saba.

Nilidhani ni cha mjukuu,
hadi siku nilipochomoa kadi kwenye jalada:
dole gumba, dole gumba, dole gumba,
bluu tupu, kama kuku aliyekanyaga wino,
na juu kabisa, kwa biki nyekundu,
*Bashige*, na tarehe ya kuazima.
Tarehe ya kurudisha, hakuna.

Bashige alikwenda machimboni, kitabu akakiacha kitandani.
Mama ndiye aliyekileta, siku ya mvua,
ndani ya sufuria, kifuniko juu.

Mimi ni mtu wa kujaza nafasi. Nikashika biki.
"Mama, tuandike kwamba kimerudi. Si hiki hapa?"
Akaweka kiganja juu ya kadi.
"Kitabu kimerudi," akasema.
"Aliyekiazima, bado."

Kisha ukaja mwezi wa mitihani,
na mtoto Mugisho akakitaka kitabu hichohicho.
Wakakutana mlangoni, yeye na mama.
Sheria tuliiandika wenyewe ukutani, kwa makala:
*atanguliaye huchukua.*
Mama alikuwa ametangulia. Tulitazamana, wanne wote,
kila mmoja akitafuta jicho la mwenzake ajifiche humo.

Mama akaketi juu ya mizani.
"Asome hapa. Kitabu nakishika mimi."

Mugisho akasoma Kifaransa, akamgeuzia:
mfanyabiashara ana magunia kumi na mawili,
kila gunia kilo sitini; jumla ni ngapi?
Akatafuta kalamu. Mama hakutafuta kitu.
"Mia sita tisini na sita."

"Hapana, mama, ni mia saba na—"

"Kila gunia toa mbili," akasema. "Za karani."

Zihindula alicheka hadi sindano ikamchoma.
Mimi niliinamia kadi zangu.

Wakasoma hivyo Jumamosi nne.
Mtoto alifaulu; kwa majibu ya nani, sikuuliza.

Juzi mama alichelewa siku mbili, goti lilimsumbua.
Tukamwambia faini haimhusu.
Hakutusikia, au hakutaka kutusikia.
Akachota kopo, akamwagia parachichi.
Akarudi pipani, akachota la pili.

"Hili la Bashige," akasema,
"asije akakuta deni."