Mwana wa Nani

Mpima alikuja nyuma ya Langoni na mnyororo wa chuma,
akapigilia vigingi vinne kuzunguka ufuta wa bibi yangu.
Karani Lali akasoma kwa sauti ya hotuba:
"Serikali imepatenga. Ni mali ya Umma."

Mwanaiki akaweka ungo chini.
"Huyo Umma ni mwana wa nani? Simuyui.
Matangani hakuya. Arusini hakuya."

Watu wakacheka. Lali naye, kidogo,
kisha akaikumbuka kofia ya kazi.

Ufuta tukaanika juu ya paa.
Kiwanjani tukacheza mpira wa matambara, tukasali Idi,
tukapika pilau ya harusi tatu mwezi mmoja,
na kila jamvi lilipotandikwa
bibi aliuliza: "Umma keshakuya?"

Juzi nimekuta ukuta, lango, kufuli jipya.
Nikaipeleka ofisi ya ardhi ile nakala ya Lali,
mikunjo imetoboka, muhuri umebaki rangi ya chai.
Kijana wa dirishani aliisoma, akaigeuza,
akauliza bila kuinua macho:
"Umma ndiye wewe?"

Ulimi ukanikauka.
Nyuma yangu, kwenye foleni,
mtu akakohoa.