Dirisha la Nne

Nilipanga foleni hapa tangu saa kumi na mbili,
Jumanne ya mvua, viatu vikinywa maji ya Nairobi,
barua ya chifu nimeikunja ndani ya kofia isilowe.
Wanasema maili zote za nchi zilihesabiwa
kuanzia kizingiti hiki. Mimi nilihesabu migongo.

Karani hakuniangalia.
"Jina la mtoto?"
Nikasema Nzilani, kwa sababu mama yake
alishikwa na uchungu Mlolongo, katikati ya malori
yaliyongoja mizani, na kwetu Ukambani
mtoto wa njiani huitwa hivyo.
Karani hakuhitaji hadithi.
Aliandika Zilani. Akapiga muhuri.

Nilirudi kuidai ile N.
Njoo kesho. Njoo Ijumaa. Leta kiapo cha wakili.
Faili liko juu. Mwenye ufunguo yuko likizo, Kisii.
Mwaka wa pili nikasema basi, kaeni nayo.

Leo mlangoni kijana amenikatia tiketi
niingie nilikokuwa nikifukuzwa bure.
Kuta zina chokaa mpya. Wino wa vidole gumba
uliopanda ukutani hadi kimo cha kiuno
umefutwa. Imebaki kaunta ya mvule,
pale palipoliwa na viwiko vyetu.
Naegemea.
"Mzee, usiguse. Hiyo ni sehemu ya maonyesho."
Hata mimi, kijana wangu.

Kazi zenyewe sizielewi sana, niseme kweli.
Kuna mabati, kuna leso iliyoungua upindo,
kuna mwanamke wa waya anayezaa amesimama,
na watu wenye miwani wameinamisha vichwa, wanasema mmh.
Lakini chini ya kila moja, kwa herufi za chapa:
Zilani Kyengo.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, mama,
sasa una pesa, wakili unaye,
mbona hujawaambia warekebishe?
Akacheka kile kicheko cha marehemu.
"Baba, haikupotea. Njoo."

Dirisha la nne, nyuma ya nondo zilezile,
ameining'iniza: N moja, ya chuma cha lori,
yenye kutu, urefu wake
kama mtoto wa siku moja.

Sikupata neno. Nikavua kofia, nikasimama
mkono mmoja juu ya kaunta,
na kijana wa tiketi akatazama kando.
Nyuma yangu watu wakaanza kujipanga,
mmoja, halafu mwingine, bila kuambiwa,
wakidhani kuna kitu kinatolewa.