Mwaka wa Kung'oa Reli

Mama hakuandika. Alisema tu
nilizaliwa walipong'oa reli ya karanga,
watu wa Nachingwea wakaokota mataruma
wakasimamishia vyoo.
Nguzo yetu ingalipo.

Cheti cha ubatizo: sitini na tatu.
Cha darasa la saba: sitini na sita,
maana mwalimu alitazama mwili, akakadiria.
Kompyuta ya Utumishi imekipenda cha kwanza.

"Mzee Nangumbi," anasema binti wa dirishani,
"mfumo hautambui reli."
Ananigeuzia kioo nisome mwenyewe.
Umri umetimia, michango haijatimia.
Inatakiwa miezi mia na themanini;
yangu mia na sitini na nane.
Nitapewa mkupuo, mara moja, basi.
Ya kila mwezi nisiingojee.

Na ile miaka tisa ya ukibarua?
Pampu haikuniuliza kama nimeajiriwa.
Niliiwasha saa kumi alfajiri,
nikaizima mji umeshashiba,
nikatia sahihi kwenye daftari lililolowa.
Daftari liko wapi?
Mchwa, anasema. Au walipohama ofisi.
Anasema polepole, kama anayefunga kidonda
cha mtu asiyemjua.

Nimezeeka kiasi cha kuondoka,
sijazeeka kazini kiasi cha kulipwa.

Usiku natoka uani.
Nalipapasa lile taruma gizani,
matundu ya misumari, manne,
nayahesabu tena kama yataongezeka.
Huko bondeni pampu inakohoa, inawaka.
Saa kumi na dakika ishirini.

Wamechelewa.