Maelekezo kwa Mgeni wa Chumba cha Juu

Ufunguo mkubwa ni wa lango la chini.
Usiuzungushe kwa hasira. Vuta mlango kwako kwanza,
kama unayetaka kumnong'oneza mtu, ndipo usukume.
Ngazi ni sitini na mbili; zimehesabiwa na magoti yangu.

Karibu Bologna. Mwavuli uache nyuma ya mlango:
vibaraza vyetu vina matao, utazunguka nusu siku usilowe.
Hapa mvua ni shughuli ya njiwa na wenye magari.

Kahawa usinywe umekaa.
Simama kaunta kwa Ermete, pembeni mwa duka la dawa,
umwambie umetumwa na Argia wa ghorofa ya tatu.
Atakuna pua, atasema hanijui.
Ananijua. Ananidai.
Ya maziwa mwisho saa tano;
ukiiagiza baada ya hapo watakutazama
kama mtu aliyepiga chafya katikati ya sala.

Minara miwili utaiona bila kuonyeshwa,
mmoja mrefu, mwingine umeinama
kama mlevi anayetafuta sarafu aliyoangusha.
Ukikuta uzio, vumilia: mafundi wanaubembeleza.
Wanafunzi husema ukipanda ule mrefu hupati shahada.
Mwanangu alipanda mwaka wa pili, na kweli hakuipata.
Sasa anauza vigae Modena
na gari lake lapita nyumba yangu kwa thamani.

San Petronio, kanisa kubwa la uwanjani,
marumaru iliishia nusu ya uso, juu ni matofali matupu.
Kila mtu atakupa kisa chake cha fedha na ugomvi.
Mimi nalipenda hivyo hivyo,
kama bwana aliyeitwa mlangoni akiwa katikati ya kunyoa.

Chakula, sasa.
Mlango wa kijani usio na kibao, ni kwa Zaira.
Mpango wake wa unga ni mrefu kuliko mimi,
na donge la unga na mayai analisukuma
mpaka, ukiliinua dirishani, uone kilima cha San Luca.
Agiza tortellini ndani ya mchuzi wa kuku.
Usiombe krimu.
Mtu wa Zurich, mpole kabisa, aliomba krimu mwaka jana:
akaletewa kofia yake.

Kesho yake panda hicho kilima, tao baada ya tao,
yamezidi mia sita, mimi huacha kuhesabu nikianza kuhema.

Na hili nisilisahau.
Chini ya kuba, kando ya uwanja, kuna kona nne.
Elekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa,
mwenzako asimame kona ya mkabala, mbali,
umpe mgongo naye akupe mgongo. Nong'ona.
Matofali yatapokea, yatapandisha, yatamshushia sikioni.
Hapo Loris aliniambia, "Tuoane."
Mimi nikasikia, "Tuonane,"
nikamjibu, "Kesho, saa ngapi?"

Tangu tumzike huenda kila Jumanne.
Nasimama kona yangu, namtajia bei ya maharagwe,
nani amehama, nani amenuna.
Kona yake hukaa kimya, na ni haki yake;
hata uhai wake hakuwa msemaji.
Novemba iliyopita ukuta ukajibu:
"Samahani, mama, sijakupata vizuri."
Moyo ulinitoka, ukarudi.
Nikageuka: kijana mwenye mkoba mgongoni,
ramani ameishika kichwa chini.
Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.
Nikampeleka kwa Zaira, akala bakuli mbili.
Krimu hakuitaja.

Taulo zipo kabatini. Maji ya moto huchelewa, yasubiri.
Ukipita kwenye kuba ukiwa peke yako
usione haya, sema lolote.
Jumanne, saa kumi, kuna mtu.

Ufunguo mdogo haufungui kitu chochote.
Usiupoteze.